Siku Roshani Ilipocheza Taarabu

Kabla hujamwonyesha mtu kiti chake, mtazame miguu. Tiketi itakwambia safu na nambari, na uso utakwambia kwamba amechelewa na amegombana na mkewe njiani. Lakini miguu ndiyo itakayokwambia kama ngazi za gizani ataziweza, kama atahitaji mkono wako, na kama viatu vyake virefu vitanasa kwenye zulia. Mimi nilijifunza hilo baada ya mama mmoja kuniangukia kifuani na sambusa zake nne, na mchuzi wa ukwaju ukaingia hadi kwenye saa yangu.

Nawaandikia nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye kumbi mpya za vioo, nyinyi mnaokuja hapa Rashidiya, Dubai, siku zenu za mapumziko kula pilau ya binti yangu Rehema na kulalamika. Yeye anafanya kazi ofisini kule Silicon Oasis, na jioni moja alinambia, "Mama, hawa watoto wanakulalamikia wewe kila wiki, na wewe unawajibu kwa kuwaongezea kachumbari. Si uwaandikie?" Basi naandika. Msitarajie mpangilio. Kichwa changu kinakumbuka kama mtu anayetafuta kiti chake baada ya taa kuzimwa.

Ukumbi niliofanyia kazi ulikuwa Bur Dubai, na watu waliuita wa kihistoria. Mara ya kwanza kusikia hivyo nilicheka, kwa sababu mimi nilizaliwa Mombasa kabla ukumbi ule haujajengwa. Lakini katika mji ambao jengo la miaka kumi linaitwa la zamani, la miaka ya sabini lilikuwa babu. Na ulikuwa mzuri, wanangu. Pazia la mahameli jekundu lililofifia mikunjoni likawa rangi ya zambarau. Reli za shaba ambazo kila asubuhi tulizipiga msasa wa kitambaa na ndimu. Dari lenye nyota za plasta. Na juu, roshani kubwa iliyopinda kama kiatu cha farasi, ambayo kwa desturi ilikuwa ya familia na wanawake, huku wanaume waliokuja peke yao wakikaa chini. Palionyeshwa filamu za Kihindi na Kimalayali, na mara kwa mara maigizo na muziki wa jukwaani. Mtu akiingia pale mara ya kwanza, alisimama mlangoni akainua kichwa. Nyinyi katika kumbi zenu watu wakiingia wanainua simu.

Jina langu ni Mwanajuma. Yule karani aliyechapa beji aliona ni refu, akaandika JUMA. Kwa hiyo kwa miaka yote ya kazi, mimi, mama wa watoto watatu, mwenye mtandio na marinda, nilikuwa Juma. Waswahili waliokuja ukumbini walisoma kifua changu, wakanitazama usoni, wakasoma tena.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Mathai, mzee wa Kerala, kusini mwa India, mkuu wa sisi waonyesha viti. Alikuwa mfupi, amenyooka kama rula, koti la buluu limefungwa vifungo vyote hata mwezi wa nane. Tulizungumza Kiingereza cha kazini kilichochanganyika na Kiarabu cha mtaani, na pale vyote viwili vilipotuishia tulitumia nyusi. Siku yangu ya kwanza alinipa tochi, akanitazama ninavyoiwasha, akaninyang'anya.

"Wewe unatafuta mwizi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeielekeza usoni kwa mteja. Akanionyesha: tochi inashuka chini, nyuma ya kisigino chako, na kidole kimoja kinaziba nusu ya kioo ili mwanga utoke mwekundu kidogo, usiwaumize waliokwisha kuzoea giza. Unatembea mbele ya mgeni hatua moja, bega limegeuka nusu, ili umwone bila kumkodolea macho. Mtu aliyelala humgusi mwilini. Unagonga mgongo wa kiti chake kwa vidole viwili, naye ataamka akidhani ameamka mwenyewe, na heshima yake itabaki. Mtu aliyekaa kiti kisicho chake humwambii "hapana." Unamwambia, "Njoo nikupeleke pazuri zaidi," hata kama ni pabaya zaidi. Na kuna neno moja halitamkwi ndani ya ukumbi, hata kama dari linawaka: hatari. "Ukisema neno hilo mara moja," Bwana Mathai alisema, "watu mia saba watalisikia mara mia saba."

Alikuwa na sheria nyingine ngumu kama msumari: onyesho likianza, hakuna anayesimama kwenye ujia. Hakuna. Na mfanyakazi hapandi jukwaani hata kama amedondosha pete ya ndoa.

Nilikosea sana mwanzoni. Wiki yangu ya pili bwana mmoja alitoka kununua bisi katikati ya igizo, akamwacha mkewe kitini, akarudi gizani, nikamwongoza kwa kujiamini kama nahodha, nikamkalisha safu moja mbele ya ile aliyotoka, kando ya mke wa mtu. Mume wa yule mama naye alikuwa amekwenda chooni. Mama, macho yote jukwaani, akala bisi za mgeni kiganja baada ya kiganja. Yule bwana naye akaona leo mke wangu kaniridhia. Taa za mapumziko zilipowashwa, ule ukelele ulikuwa bora kuliko igizo. Bwana Mathai aliwatenganisha kwa upole, akawaletea chai wote wanne, kisha akanichukua pembeni. Nilidhani atanifukuza. Akasema tu, "Juma, kuanzia leo unahesabu safu kwa mkono. Unagusa kila kiti unapopita. Macho yanadanganya, mkono haudanganyi." Nimehesabu safu kwa mkono mpaka siku ya mwisho. Hata leo nikipanda metro nagusa viti.

Sasa niwaambie ile Ijumaa ya taarabu, maana ndiyo Rehema anayotaka niiandike, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii badala ya kuifanya tu.

Waswahili wa hapa walichanga, wakaukodi ukumbi alasiri ya Ijumaa baada ya sala, siku ambayo wengi hawako kazini. Walikuja wa kila namna. Vijana wa Nairobi na Kiingereza chao, wakina mama wa Malindi na Tanga wanaofanya kazi majumbani, mafundi wa Kitanzania waliotoka kwenye maeneo ya ujenzi wakiwa wamepiga pasi mpaka soksi, Waganda waliokuja kuona tu hiki kitu kinaitwaje, na zile familia za Kizanzibari za siku nyingi zenye mabuibui yanayonukia udi kutoka mlangoni mpaka safu ya kumi. Mwimbaji alikuwa Bi Mgeni, mama mnene wa Unguja mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Nyuma yake fidla mbili, kinanda, udi na ngoma.

Bwana Mathai alikuwa hajawahi kuona taarabu. Mimi, kwa uzembe, sikumwonya.

Wimbo wa kwanza haujafika ubeti wa pili, wakina mama wa chini wakaanza kuinuka. Mmoja, watatu, kumi. Wanakwenda jukwaani kwa madaha, mkono mmoja umeinua noti, kiuno kinasema mambo yake. Bwana Mathai alinijia akikimbia, na mimi sikuwahi kumwona akikimbia.

"Juma! Wanamvamia mwimbaji!"

"Hawamvamii, sir. Wanamtunza. Wanampenda."

"Wanampenda kwa kumtia mkono usoni?"

"Wanampa pesa. Ndiyo desturi. Wasipoinuka, mwimbaji ataona ameimba vibaya."

Alitazama ujia wake, ule aliouweka mtupu kwa zaidi ya miaka ishirini, ukifurika madira ya rangi zote. Kisha yule mzee akafanya jambo lililoniongezea heshima kwake. Hakuzima muziki. Alishika tochi yake, akasimama mwanzo wa ujia kama askari wa barabarani, akawapanga: kupanda kushoto, kurudi kulia. "Yalla, madam, kushoto. Kushoto, madam." Wakina mama wakampenda hapohapo. Mmoja akampachika noti kwenye mfuko wa koti akidhani ni sehemu ya bendi.

Tatizo lilikuwa juu. Roshani ilikuwa imejaa pomoni, wanawake zaidi ya mia mbili, na kutoka kule huwezi kumfikia mwimbaji ukamtunza. Sasa mtu amepigwa na ubeti unaomgusa ndani kabisa, hawezi kwenda jukwaani, afanye nini? Ulipofika wimbo wa tatu, ule wa ngoma nzito, roshani nzima ilisimama ikacheza. Wote kwa pigo moja. Mimi nilikuwa chini, natabasamu, mguu wangu nao unagonga zulia kwa siri.

Bwana Mathai akanigusa kiwiko. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa roshani na begani mwa koti lake la buluu palikuwa na unga mweupe. Nilidhani ni poda ya mama mmoja. Akanielekezea juu kwa nyusi. Kutoka kwenye dari la chini ya roshani, kila ngoma ilipopigwa, vumbi jembamba la plasta lilishuka kama unga unaochekechwa. Akanichukua mkono, akakiweka kiganja changu kwenye nguzo. Wanangu, nguzo ilikuwa inatetemeka. Si sana. Kama friji kuukuu inayoanza kunguruma. Lakini nguzo si friji.

Juu ya vichwa vya wanaume waliokaa chini palikuwa na ufa. Sijui ulikuwapo tangu lini. Siku hiyo ndipo tulipouona.

"Nakwenda kuzima muziki," alisema. "Nawasha taa, natangaza watoke."

"Sir, usizime."

"Juma!"

"Ukizima ghafla watadhani umeme umekatika. Watapiga vigelegele na kukanyaga sakafu mpaka urudi. Nawajua, ni watu wangu. Na ukitangaza watoke, zile ngazi mbili..."

Sikumaliza. Ngazi za roshani zilikuwa mbili, nyembamba, za kupinda. Sote wawili tuliziona akilini, na mabuibui, na watoto mikononi. Meneja hakuwapo, Ijumaa alikuwa kwake Jumeirah Village Circle, na simu yake haikuwa ikipokelewa. Tulikuwa sisi tu.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa na noti ya dirhamu kumi mfukoni. Nikaitoa, nikaanza kupanda ujia.

Bwana Mathai alinishika mkono wa shati. "Mfanyakazi hapandi jukwaani," akaninong'oneza, na uso wake haukuwa wa ukali, ulikuwa wa mtu anayeona kila kitu kinamponyoka kwa siku moja.

"Nisamehe, sir," nikamwambia, nikajivuta.

Sasa mniwazie. Mama wa miaka hamsini na kitu, sare ya kazi, beji imeandikwa JUMA, tochi kiunoni, anakwenda kutunza. Na huwezi kwenda kutunza kwa kutembea kama unakwenda benki. Wangejua kuna jambo. Ilibidi nicheze. Nilijikwaa kwenye zulia kwa hofu, na wao wakaona ni ufundi. Ukumbi ukalipuka. "Hata bawabu kaguswa!" mmoja akapiga kelele. "Mtunze, Mama Juma, mtunze!" Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilikuwa naiomba ardhi ile isimmeze mtu.

Nilipofika kwa Bi Mgeni, nikainua noti mpaka kwenye kilemba chake, nikamkumbatia kama wafanyavyo, nikamnong'oneza sikioni: "Dada, roshani imepasuka chini. Washushe wa juu, taratibu, bila wao kujua. Nakuomba kwa Mungu."

Tabasamu lake halikutikisika. Alinijibu kwa kunibana mkono mara moja, nguvu, kucha zikaniingia. Kisha akageuka nusu, akampa mpiga ngoma mkono wa chini. Chini, chini. Ngoma ikapungua, ikawa ya kubembeleza, ikawa haichezeki tena kwa miguu, inachezeka kwa shingo tu. Hilo peke yake liliituliza roshani. Mimi nisingelifikiria. Yeye alijua kazi yake.

Halafu akainua uso juu, akafungua mikono, akaimba maneno ambayo hayakuwa kwenye wimbo ule wala wimbo wowote:

*Maua mlio juu, shukeni bustanini,*
*Harufu yenu ni tunu, isipotee hewani,*
*Njooni kwa taratibu, msisongane ngazini,*
*Nafasi bado i huku, njooni mketi chini.*

Mnajua mwanamke wa Kiswahili akiitwa ua mbele za watu, na Bi Mgeni mwenyewe, atafanya nini? Walishuka. Walishuka kama maharusi. Mimi nilikuwa nimekwisha kimbilia ngazi ya kulia, Bwana Mathai ya kushoto, tochi chini, bega limegeuka. "Karibu mama. Shika reli. Polepole, bi, una viatu virefu. Mpe mtoto dada yako amshike." Wanaume wa chini, bila kuambiwa na mtu, walijibana upande wa jukwaani wakawaachia safu nzimanzima, waliobaki bila viti walisimama ukutani, mbali na kivuli cha roshani, kwa sababu mwenzetu mmoja wa mlangoni, aliyekonyezwa na Bwana Mathai, aliwapeleka huko akiwaambia ndiko sauti inasikika vizuri. Bi Mgeni aliurudia ubeti ule sijui mara ngapi, kila mara na kionjo kipya, hata fidla zikaukariri. Hakuna aliyesukumana. Hakuna hata kandambili iliyopotea.

Nilipoona ngazi yangu imekwisha watu, nikapanda kuhakikisha. Gusa kiti, gusa kiti. Safu ya nyuma mpaka ya mbele. Na safu ya mbele kabisa, katikati, nikagusa bega.

Alikuwa Bi Zuhura. Mkazi wa hapahapa Rashidiya, Mzanzibari wa familia za zamani, umri wake hata wanawe hawakuujua vizuri. Alikuwa ameketi, mkoba mapajani, bakora kando, ametulia tuli.

"Bibi," nikamwambia, "wenzako wote wameshuka."

"Nawaona, mwanangu. Sijapofuka."

"Basi nikushike tushuke."

"Mie nilipanda ngazi zile kwa nusu saa, na mjukuu wangu ananisukuma kwa nyuma kama gunia la karafuu. Leo hii nishuke kwa wimbo mmoja?" Akanitazama vizuri. "Kuna nini?"

Nilikuwa nimefundishwa neno ambalo halitamkwi. Nikatafuta jingine. "Bibi, jengo limechoka."

"Nilijua," akasema. "Kiti kilikuwa kikitikisika. Mwanzo nikadhani ni mie mwenyewe, nimepata raha kupita kiasi." Akapiga kiti cha kando kwa kiganja. "Haya. Waliokuwa wakirukaruka washaondoka. Mie sirukiruki, nawe huna hata nyama za kurukia. Kwetu, nilipokuwa msichana, wanawake tulikaa juu tukawasikiliza waimbaji, na hapana aliyetutoa mpaka ubeti ukamilike. Kaa, aumalize."

"Bibi, mimi niko kazini."

"Na mie niko starehe. Kazi yako si mimi?"

Sikuweza kumwacha, wala kumbeba. Hapo Bwana Mathai akatokea juu ya ngazi, anahema, koti jeupe kwa plasta. Nikamweleza kwa maneno mawili. Alitazama sakafu, akatazama ukuta, akaweka kiganja kwenye ukingo wa roshani akangoja. Ulikuwa umetulia. Bi Zuhura akampigia kiti cha upande wake wa pili.

Wanangu, mzee yule alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti cha ukumbi ule akiwa zamuni. Hata akila, alikula amesimama kwenye kistoo. Alikunja mikia ya koti, akakaa. Akaweka tochi mapajani. Mimi nikakaa upande wa pili. Sisi watatu, katika roshani ya viti mia mbili na ushee, na chini yetu watu wote wamejaa upande mmoja kama nyuki, na pale jukwaani Bi Mgeni akainua macho akatuona. Akacheka katikati ya kuimba. Kisha akatuimbia sisi, peke yetu, ubeti mzima na kiitikio chake. Watu wote chini wakageuka kututazama wakaangua kicheko na vigelegele. Bwana Mathai akadhani wanamsalimia, akainamisha kichwa kwa adabu, kushoto na kulia.

Nilikuwa naogopa. Sitawadanganya. Miguu yangu ilikuwa inasikiliza sakafu wakati wote. Lakini masikio yangu yalikuwa yanasikiliza kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikiliza mpaka mwisho, maana kazi yetu ni hiyo, tunasikia vipande vya kila wimbo kupitia mlangoni. Bi Zuhura alifumba macho. Ubeti ulipokwisha akasema, "Haya sasa. Nishusheni." Tukamshusha ngazi moja moja, Bwana Mathai mbele akirudi kinyumenyume, mkoba wa bibi umening'inia begani mwake, mimi nikimshika bibi kwapani. Tulipumzika mara tatu. Tulipofika chini alimwambia Bwana Mathai kwa Kiarabu safi, "Wewe ni mtoto mzuri." Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Jumapili yake meneja alituita. Kuna mtu alikuwa amenipiga picha ya video nikicheza kwa beji na tochi, na ilikuwa imezunguka mpaka kwa wenye jengo.

"Juma," akasema, "nimekuajiri uwakalishe watu, au uwachezee? Mfanyakazi kwenye jukwaa! Kwa sheria gani?"

Nilikuwa nimekwisha jiandaa kurudi Mombasa. Ada ya Rehema ya chuo ilikuwa bado mwaka mmoja. Nikafungua mdomo, na Bwana Mathai akatangulia.

"Sir, nilimtuma mimi."

Meneja akamtazama. Yule mzee hakuwa na sifa ya uongo. Kwa miaka yote hakuwahi hata kuandika kwamba amefika saa mbili kama amefika saa mbili na dakika tatu.

"Wewe ulimtuma acheze?"

"Nilimtuma afikishe ujumbe. Njia alichagua mwenyewe. Ilikuwa njia sahihi."

Meneja akageuza kalamu. Kisha akasema, "Khalas, yamekwisha. Leteni mhandisi." Mhandisi alikuja na nyundo ndogo, akagonga huku na huku, akasema boriti moja ilikuwa imechoka. Nilimuuliza kama ingeanguka siku ile. Akasema labda ingevumilia, labda isingevumilia, na kwamba anashukuru hakuna aliyeijaribu zaidi. Roshani ikafungwa kwa kamba, wala haikufunguliwa tena.

Nilimfuata Bwana Mathai kwenye kistoo kumshukuru. Alikuwa anang'arisha tochi. "Shati lako," akasema bila kugeuka, "nililivuta nikaling'oa kifungo. Lete nikishone." Akakishona. Hatukulizungumza tena.

Miaka michache baadaye wenye jengo waliamua kuuza kiwanja. Hiyo ndiyo Dubai. Hapo palipokuwa na nyota za plasta siku hizi watu wanaegesha magari. Siku ya mwisho walikuja mafundi kung'oa viti, na sisi tulikunja pazia, watu wanane, zito kama maiti ya tembo. Bwana Mathai alikuwa na tiketi ya ndege ya kurudi Kerala kesho yake. Tulipomaliza tulikaa kwenye ngazi za mlangoni na vikombe vya chai ya maziwa.

Nikamuuliza, "Sir, katika maonyesho yote haya, lipi lilikuwa zuri kuliko yote?"

"Sijui," akasema. "Mimi nimetazama watu. Nimeona watu wakilia, sikujua wanalilia nini. Sijakaa nikatazama onyesho hata moja." Akanywa chai. "Isipokuwa ile siku. Yule mama mnene. Ule ubeti aliotuimbia tukiwa watatu. Nimeikumbuka sauti yake mpaka leo, kila jioni nikipiga pasi. Siku zote nilitaka kukuuliza. Alikuwa anasema nini?"

Nikamuimbia kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti yangu hii ya chura:

*Watatu mlobakia, mwangoja nini angani?*
*Babu ulojikalia, shuka nawe uje chini.*

Kisha nikamtafsiria, neno kwa neno, kwa Kiingereza chetu kile na nyusi.

Nilimwona akiurudia kimoyomoyo, akiupanga juu ya ile sauti aliyokuwa ameibeba miaka yote. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akafungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Wimbo mmoja tu," akasema akijifuta macho. "Wimbo mmoja tu nimekaa nikausikiliza maishani, na ulikuwa unaniambia niondoke kwenye kiti. Na mimi nikawa naitikia kwa kichwa."